Swali Linaloulizwa Nyumbani: Utafiti wa Kaya na Sera ya Chandarua nchini Tanzania

Daftari la kliniki huonesha nani amefika, lini, na amepewa nini. Halioneshi kinachotokea baada ya mama kurudi nyumbani. Hapo ndipo utafiti wa kijamii huanzia: huichunguza familia ili kubaini ni nani anayeamua, ni nani anayeshika fedha, na ni kitu gani huzuia ushauri mzuri usitekelezwe. Makala hii inaeleza, kwa kutumia historia ya chandarua chenye dawa, jinsi majibu ya namna hiyo yanavyoweza kubadili sera.

Utambuzi usio sahihi

Mwaka 2004 Tanzania ilianzisha mpango wa Hati Punguzo. Mjamzito alipewa hati kliniki, akaipeleka dukani, akaongeza fedha kidogo na kupata chandarua.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa kubuni, mkazi wa Malampaka wilayani Maswa, ambayo wakati huo ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga na leo ni sehemu ya Simiyu. Ni mwezi wa Februari. Tegemeo la kaya ni pamba, nayo bado iko shambani. Mavuno na mauzo husubiri hadi Mei na kuendelea. Mama ameyaelewa vizuri maelezo ya muuguzi, lakini fedha hana, na mali ya nyumbani haiuzwi bila kauli ya mume au mama mkwe. Akirudi kliniki bila chandarua, ni rahisi kuandikwa kuwa hana mwamko, kisha akapewa elimu zaidi. Tiba hiyo haiwezi kumsaidia, kwa kuwa ugonjwa wenyewe haukutambuliwa.

Kilichogunduliwa

Mpango wa kitaifa ulikuwa na mizizi katika kazi iliyofanyika wilaya za Kilombero na Ulanga kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990. Huko watafiti walianza kwa kuwasikiliza wananchi kuhusu usumbufu wa mbu, aina ya chandarua wanachokipenda na bei wanayoimudu. Chandarua kiliuzwa kwa jina linaloeleweka na kila mtu: Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusisha vyandarua vyenye dawa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4.

Hati Punguzo iliposambaa nchini, watafiti walifuatilia kaya kwa kaya. Walibaini kwamba wanawake wa kaya maskini walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuitumia hati kuliko wale wenye uwezo. Wastani wa taifa ulipanda, lakini ulificha pengo hilo. Kiasi kilichoonekana kidogo ofisini kilikuwa kikubwa mbele ya familia isiyo na fedha taslimu.

Sera ikabadilika. Kiasi cha kuongezea kilishushwa na kuwekwa sawa kwa wote, na kati ya mwaka 2009 na 2011 kampeni za kitaifa ziligawa vyandarua bila malipo, kwanza kwa watoto wadogo na kisha kwa kaya zote. Ni kweli kwamba fedha za wafadhili ziliwezesha hatua hiyo. Hata hivyo, fedha peke yake haikuonesha ni nani aliyeachwa nyuma. Hilo lilioneshwa na majibu ya kaya.

Wajibu wa mhudumu na haki ya mgonjwa

Siku hizi mjamzito hupewa chandarua bure kliniki, lakini swali halijaisha, limehamia chumbani. Chandarua kikiwa kimoja na watoto wakiwa watano, nani analala ndani yake? Mhudumu wa Malampaka anaweza kulijua jibu mapema kuliko wizara. Inafaa basi, mama anapokuwa hajatekeleza ushauri, aulizwe kwa upole na faraghani kilichomzuia. Sababu aliyoitoa iandikwe kwa maneno yake. Na sababu zinazojirudia zifikishwe kwenye kikao cha kituo na kwa timu ya afya ya wilaya. Maelezo ya wachache si takwimu, lakini huonesha swali linalostahili kufanyiwa utafiti kamili.

Mwananchi naye, akitembelewa na mtafiti, ana haki ya kuelezwa lengo la utafiti, kuona kibali chake, kutunziwa siri na kukataa bila kunyimwa matibabu. Akikubali, asilijibu swali kwa kumfurahisha mgeni. Kaya inayosema chandarua kinatumika kila usiku, ilhali kimefungiwa sandukuni, huifanya sera iendelee kutibu tatizo lisilokuwepo na kuliacha lililopo. Jibu la kweli la familia moja, likijumlishwa na ya maelfu ya familia nyingine, linaweza kumfikishia chandarua mtoto ambaye hakuwahi kuandikwa katika daftari lolote.