Niliyojifunza Juu ya Paa la Kibokoni

Msimu mmoja wa kaskazi niliokota dishi la televisheni lililotupwa, nikalibandika vipande vya kioo ndani, nikalipandisha juu ya paa letu la sakafu huko Kibokoni, Mji wa Kale. Nia yangu ilikuwa kuchemsha maji ya chai kwa jua.

1. Jua la Mombasa ni kali, lakini si la vioo. Nilining'iniza birika jeusi pale miale inapokutana, na adhuhuri likaanza kulia. Likapita wingu jembamba, birika likanyamaza. Mimi jasho lilikuwa likinitoka vilevile, na mtaa mzima ulikuwa mweupe kwa mwanga! Ilinichukua siku kadhaa kuelewa. Kioo hukusanya miale inayotoka juani moja kwa moja tu. Unyevu wa bahari na mawingu huitawanya, na mwanga uliokwisha kutawanyika hauelekezeki tena mahali pamoja. Paneli za kawaida za sola hula mwanga wa aina zote, ndiyo maana zinafaa hata hapa pwani. Mitambo ya umeme inayotumia vioo inataka anga kavu, kama ya Turkana.

2. Jua halingoji mtu. Kila baada ya dakika chache ilinibidi niligeuze dishi. Kwenye mitambo mikubwa, mota ndizo zinazogeuza vioo kutwa nzima.

3. Kioo hakitoi umeme. Hili alinifunza mjomba wangu, fundi wa mashine za meli. “Mjomba,” aliniambia, “mvuke hauulizi moto umetoka wapi.” Vioo hupasha mafuta maalumu au chumvi iliyoyeyuka, joto hilo huchemsha maji, mvuke husukuma mapanga ya turbaini, nayo huzungusha jenereta. Olkaria imekuwa ikizungusha turbaini kwa mvuke wa ardhini tangu 1981, kwa hiyo nusu ya kazi hii Wakenya tunaijua. Wala si jambo geni Afrika: mwaka 1913 Mmarekani Frank Shuman alijenga Maadi, karibu na Cairo, mitambo ya vioo vilivyopindwa mfano wa mifereji. Mvuke wake uliendesha pampu ya kumwagilia mashamba kwa maji ya Nile. Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza, kazi ikakatika.

4. Joto huwekeka. Hili ndilo lililonishika kuliko yote. Ukuta wetu wa magharibi, wa mawe ya matumbawe na chokaa, bado una joto ukiugusa baada ya Isha. Dubai, wanakoishi ndugu zetu wengi, wamejenga mnara wa mita 262 uliozungukwa na vioo. Chumvi ya nitrati hupashwa huko juu mpaka nyuzi zipatazo 560, kisha huhifadhiwa kwenye matangi makubwa. Jua likizama, joto lile huendelea kutoa umeme kwa muda wa hadi saa 15. Hapa kwetu watu hurudi nyumbani Magharibi, taa na feni zikawashwa kwa pamoja, wakati paneli zimekwisha kulala.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga umeme wa Kenya: wanapohesabu bei ya mitambo ya vioo huko kaskazini, wahesabu pia thamani ya umeme wa saa mbili usiku. Na mzazi mwenye kijana anayesoma fizikia, mlete aone. Dishi bado liko juu ya paa. Aje na miwani ya giza, maana mng'ao wake huumiza macho.