Ngozi Yako Katika Kiangazi cha Dodoma: Somo kwa Anayeanza

Mtumiaji anayehamia Dodoma kutoka pwani huanza kuilalamikia ngozi yake kati ya mwezi Juni na Agosti. Mvua huwa zimekwisha, upepo huvuma kutwa, usiku huwa na baridi, na hewa ya uwanda huu, ulio takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, haina unyevu uliozoeleka Tanga au Dar es Salaam. Miguu hupauka, midomo hupasuka, uso hukakamaa mara baada ya kuoga. Mwandishi wa somo hili aliyapitia hayo katika kiangazi chake cha kwanza, akafanya kosa wanalolifanya wengi: alinunua vipodozi vitano kwa siku moja, kisha akashindwa kujua ni kipi kilichomletea vipele.

Ngozi ya anayeanza inahitaji mambo matatu kwa siku: kuoshwa, kupakwa mafuta na kukingwa na jua. Mengine yote yanayotangazwa yanaweza kusubiri.

Katika kuosha, maji yenyewe yana neno. Maji ya visima katika sehemu nyingi za Kanda ya Kati yana chumvichumvi. Madini yaliyomo hushikamana na sabuni yakafanya utando unaobaki juu ya ngozi na kuikausha, na povu huwa haba. Anayeosha huongeza sabuni ili alipate hilo povu, na tatizo likazidi. Tumia sabuni kidogo, isiyo na harufu kali, kisha suuza kwa muda mrefu kuliko unavyodhani unatosha. Sabuni ya kufulia iachiwe nguo. Uso uoshwe kwa sabuni jioni, kuondoa vumbi na jasho. Asubuhi maji matupu huwatosha wengi, isipokuwa wenye ngozi ya mafuta.

Jikaushe kwa kugusagusa taulo bila kusugua, kisha paka mafuta ngozi ingali na majimaji. Vaselini haiongezi maji katika ngozi. Kazi yake ni kuyazuia yaliyomo yasiondoke na upepo. Mwenye uso wa chunusi atafute losheni nyepesi, kwa maana mafuta mazito huziba vinyweleo. Kipodozi kipya kijaribiwe kwanza kwa siku chache upande wa ndani wa kiwiko, na usiongeze kingine kabla hujaona matokeo ya kile cha kwanza.

Kuhusu jua, wapo wanaoamini kuwa ngozi nyeusi haihitaji kinga. Weusi wa ngozi hukinga kwa kiasi tu, na madoa yaliyoachwa na chunusi hukolea zaidi yanapopigwa na jua. Kofia pana, mikono mirefu na mwavuli ni kinga ambayo haiishi muda wake, nami ningeinunua kabla ya kopo lolote. Ukinunua mafuta ya kukinga jua, chagua yenye SPF 30 au zaidi, na uyarudie kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Kwa mtu mwenye ualbino, kinga hii ni suala la uhai kwa sababu ya saratani ya ngozi. Ndiyo maana katika hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta maalumu kwa ajili yao.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike somo hili. Anayeanza hukosa subira, na muuzaji humpa krimu ya “kung’arisha” au mkorogo uliochanganywa dukani. Kwa wiki chache uso huwa laini na mweupe, madoa hufifia, na hapo ndipo mtego ulipo. Krimu nyingi za namna hiyo zina zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Zebaki hupenya ngozini ikadhuru figo na mishipa ya fahamu. Mvuke wake na taulo la pamoja huwafikia hata watoto wasiojipaka chochote. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania ni mwanachama, umeviweka vipodozi vyenye zebaki miongoni mwa bidhaa zinazopaswa kuondolewa sokoni. Steroidi nazo ni dawa. Zikitumiwa kama kipodozi huikondesha ngozi hadi mishipa ionekane, na anayeziacha ghafla hulipukiwa na vipele na mwasho, akaona nafuu ni kuzirudia. Aliyekwisha kuzitumia kwa miezi asijitibu mwenyewe. Aende hospitali na kopo lake mkononi ili daktari amsaidie kuziacha.

Kabla ya kulipa, geuza kopo usome. Maneno “mercury”, “calomel”, “hydroquinone”, “clobetasol” au “betamethasone” yakionekana, lirudishe rafuni. Tafuta pia jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya bechi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kopo lisilo na lebo halina la kusomwa, hivyo halina sababu ya kununuliwa, hata kama aliyekusifia ni shoga yako wa karibu.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA. Ukikishuku kipodozi, acha kukitumia lakini usikitupe: kifunge vizuri katika mfuko wa plastiki, weka mbali na watoto, kisha ukiwasilishe pamoja na risiti katika ofisi ya TBS Kanda ya Kati, Dodoma, ukitaja duka ulilonunua. Hata kama huna risiti, njoo nacho.