Dondoo muhimu: Kuchagua kipakatalishi kisiwani Mombasa

Mnunuzi wa kisiwani Mombasa anayetafuta kipakatalishi cha bei ya wastani, hasa kilichotumika ng'ambo, hana budi kutanguliza kuuliza kizazi cha prosesa, yaani sehemu inayofanya hesabu zote za mashine, kwa sababu Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ilhali Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Kizazi husomeka kwenye jina lenyewe: i5-7200U ni cha 7, i5-8250U ni cha 8, hata kama mashine hizo zinafanana kwa sura.

Kumbukumbu ya muda (RAM), inayoshikilia kazi zilizofunguliwa kwa wakati mmoja, isipungue GB 8. Kwa michezo myepesi GB 16 ni bora zaidi, kwa kuwa mashine isiyo na kadi yake ya michoro huazima sehemu ya kumbukumbu hiyo hiyo. Diski, inayohifadhi mafaili, iwe ya SSD, yaani isiyo na sehemu zinazozunguka.

Hewa ya Mji wa Kale wa Mombasa, yenye joto, unyevu na chumvi ya bahari, hula metali, hivyo matundu ya feni na ya USB yamulikwe kwa tochi kabla ya kulipa, maana ukoga wa kijani ni dalili kwamba shaba imeanza kuliwa. Betri nayo ipimwe papo hapo dukani kwa amri ya powercfg /batteryreport, inayoonyesha uwezo uliosalia ukilinganishwa na ule wa kiwandani. Ukiwa umeshuka chini ya nusu, gharama ya betri mpya ipunguzwe kwenye bei.