Kukopa Harusi, Kulipa Matanga



Jioni moja mimi na mke wangu tuliketi kupanga karo ya shule. Yeye alijua tuna akiba ya shilingi 6,000. Mimi nilijua hazipo, kwani nilikuwa nimezitoa kisiri kulipa mikopo ya simu. Sikuzimalizia katika ulevi. Nilichangia harusi na mazishi kupita uwezo wangu, nikiogopa kuonekana maskini. Fedha zilimwuma mke wangu, lakini siri ilimwuma zaidi.

Tazameni hesabu. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, mkopo wa siku 30 ulitozwa ada ya asilimia 7.5. Kwa ada hiyo, ukikopa shilingi 2,000 unarudisha 2,150. Ukirudia kila mwezi, kwa mwaka umelipa ada ya shilingi 1,800, karibu sawa na mkopo wenyewe!

Katika Luka 14:28 Bwana wetu anatufundisha kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Basi tufanye hivi:

1. Mapato yakiingia, ketini wawili na daftari kabla ya kutumia chochote.

2. Andikeni kwanza chakula, kodi ya nyumba, karo, sadaka na akiba. Michango ifuate, kwa kiasi mlichokubaliana.

3. Mmoja asikope bila mwenzake kujua.

Kutoa kidogo ulicho nacho si aibu.

Swali la kujadiliana leo usiku: Je, kuna deni langu ambalo mwenzangu halijui?