Helmeti Siyo ya Kugongea



Wiki iliyopita, baada ya kipindi cha vijana, dada mmoja alinifuata na swali ambalo sikulitegemea. Kaka yake anaishi Marekani, na mtoto wa huyo kaka, wa miaka 13, anataka kuingia timu ya futiboli ya shule. Siyo mpira wetu wa miguu. Ni ule wao, wa kubeba mikononi mpira wenye umbo la yai na kuangushana. Mama wa mtoto anaogopa. Baba anasema hakuna shida, siku hizi wanavaa helmeti na vikinga mwili mzima. Dada akaniuliza, "Kaka, Kanisa linasemaje?" Nikamwomba muda nikasome. Nilichokipata kinatuhusu hata sisi ambao hatutavaa vikinga hivyo maishani.

Tuanze na mchezo wenyewe. Kila upande una wachezaji 11. Mpira unapoanza, mstari wa watu wakubwa, wengine kilo 130 na zaidi, unagongana na mstari wa wenzao, halafu wanasimama, wanajipanga, wanagongana tena, mara nyingi kwa mechi moja. Ndiyo maana wanavaa helmeti ngumu yenye wavu wa chuma usoni, vikinga vya mabega vinavyowafanya waonekane kama maboksi yanayotembea, na sponji mapajani na magotini.

Zamani hawakuvaa hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19 kuna waliofuga nywele nyingi tu ili kichwa kipate kinga kidogo. Vijana walikufa. Mwaka 1905 magazeti yalihesabu vifo visivyopungua 18, na Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu wakubwa wa michezo wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton. Angalia kilichofuata: dawa yao haikuwa helmeti. Walibadilisha sheria. Mwaka 1906 wakaruhusu mpira urushwe mbele, ili watu watawanyike uwanjani badala ya kurundikana na kusagana mahali pamoja.

Helmeti zilikuja polepole, kwanza za ngozi. Ligi kuu ya kulipwa, NFL, ilizifanya za lazima mwaka 1943. Zikafuata za plastiki ngumu, na katika miaka ya 1950 wavu wa uso ukaenea. Nia ilikuwa njema kabisa, na fuvu, pua na meno vilipona kweli. Lakini kukatokea jambo. Mchezaji wa zamani alipomkaba mwenzake alikiweka kichwa pembeni, kwa sababu kilimuuma. Huyu mpya aliona hakimuumi tena, basi akaanza kukitumia. Kuna makocha waliofundisha hivyo waziwazi: tanguliza uso, mgonge kifuani. Kilichotengenezwa kuwa ngao kikageuka rungu.

Mwaka 1968 peke yake, wachezaji 36 walikufa kwa majeraha ya moja kwa moja ya mchezo huo, hasa ya kichwa na shingo. Ni kweli idadi ya wachezaji ilikuwa imeongezeka sana kuliko 1905. Hata hivyo, hawa walikuwa wamevaa helmeti!

Mwaka 1976 shule na vyuo vikapiga marufuku kumkaba mtu kwa kutanguliza kichwa. Mwaka ule wachezaji 34 walipooza mikono na miguu kwa kuvunjika shingo. Kufikia 1984 walikuwa 5. Mwaka 1990 ukapita bila kifo hata kimoja cha moja kwa moja uwanjani. Helmeti nazo ziliwekewa viwango katika miaka hiyo, tusizinyime haki yake. Ila hakuna sponji inayookoa shingo ya mtu anayekimbia huku amekielekeza kichwa mbele kama kondoo dume. Hiyo iliokolewa na sheria.

Sasa kuna jambo lililochelewa kuonekana. Helmeti inalinda fuvu, lakini ubongo ni laini na umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Ukikimbia ukasimamishwa ghafla, fuvu linasimama ila ubongo unaendelea na safari yake, unajivuta na kujikunja. Helmeti nzuri hupunguza kishindo, lakini haiwezi kuingia ndani kuushika ubongo.

Aliyetusaidia kuliona hili ni Mwafrika na ni Mkatoliki mwenzetu. Dk. Bennet Omalu alizaliwa Nigeria mwaka 1968, wakati wa vita vya Biafra, akaenda Marekani kama daktari kijana. Septemba 2002, akiwa Pittsburgh kazini kwake, kuchunguza maiti, aliletewa mwili wa Mike Webster, mchezaji maarufu wa Pittsburgh Steelers aliyefariki akiwa na miaka 50. Webster alikuwa amechukua ubingwa mara 4. Miaka yake ya mwisho alichanganyikiwa, alisahau, na kuna siku alilala ndani ya gari lake. Ubongo wake kwa macho ulionekana mzima. Omalu hakuridhika. Akautunza, akagharimia vipimo kwa fedha zake mwenyewe, na kwenye darubini akakuta marundo ya protini iitwayo tau yakiwa yameharibu seli. Ugonjwa huo tunaujua sasa kwa herufi CTE. Unatokana na kugongwa kichwa mara nyingi, hata yale mapigo madogo madogo yasiyomwangusha mtu chini. Mpaka leo haujathibitishwa kwa uhakika ila kwa kuupima ubongo baada ya kifo.

Alipochapisha utafiti mwaka 2005, madaktari wa ligi waliandika kutaka ufutwe. Haukufutwa. Mwaka 2016 afisa wa ligi alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba uhusiano kati ya mchezo huo na CTE upo.

Sasa fungua Biblia yako, Mathayo 4:5-7. Wengi tunalipita haraka jaribu hili la pili. Shetani anampandisha Yesu juu ya hekalu na kumwambia ajitupe chini. Na sababu yake ni nini? Ulinzi! Anataja Zaburi ya 91, ile tunayoipenda, inayosema malaika watamlinda. Zaburi ni ya kweli, na malaika wapo kweli. Lakini Shetani anaugeuza ulinzi wa Mungu kuwa sababu ya kuruka. Yesu anakataa, kwa kuwa huko ni kumjaribu Mungu.

Ndugu yangu, hilo ndilo lililotokea uwanjani: nimekingwa, basi nagonga. Na hebu tuseme ukweli, nasi tunalo. Kijana ana rozari shingoni na skapulari kifuani, halafu anaingia mahali anapojua kabisa hatoki salama, eti Mama Maria atanilinda. Mwingine ana hesabu yake tayari: Ijumaa nitafanya, Jumamosi padre yuko kwenye kitubio. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ina jina la kosa hili, na inaliweka chini ya amri ya kwanza, namba 2092: kujitumainia kupita kiasi, pamoja na kutegemea msamaha bila kuongoka. Kitubio ni zawadi kubwa mno. Lakini kama ubongo ndani ya fuvu, kuna kitu ndani yetu kinachotikisika kila tunapogonga, hata kama nje hakuna jeraha. Mazoea yanajengeka. Unaungama, unasamehewa kweli, na bado Jumatatu mguu unaijua njia.

Mtume Paulo naye anatupa helmeti, chepeo ya wokovu, katika Waefeso 6. Soma taratibu kuanzia mstari wa 11 hadi wa 14. Silaha zote hizo anazitoa ili tupate kusimama, na neno hilo la kusimama analirudia. Haagizi mtu ajirushe huku na huko kwa kuwa amevaa chuma.

Kuhusu yule mtoto wa miaka 13. Kanisa halijakataza mchezo huo. Chuo Kikuu cha Notre Dame, cha Kikatoliki, kinajulikana kwa helmeti zake za dhahabu. Lakini Katekisimu namba 2288 na 2289 inatutaka tuitunze afya kama zawadi, na inakataa kuugeuza mwili na ushindi wa michezo kuwa sanamu. Mwaka 2018 Vatikani ilitoa hati kuhusu michezo, na humo madhara ya ubongo yametajwa wazi: tukishayajua, utu wa mchezaji utangulie. Dk. Omalu mwenyewe anashauri watoto wasicheze kabla ya miaka 18. Mimi nilimwambia dada amweleze kaka yake hivi: "salama kwa sababu ya helmeti" siyo jibu. Aulize kocha anafundisha kukaba kwa bega au kwa kichwa, mazoezi ya kugongana ni mara ngapi kwa wiki, na mtoto akitikiswa kichwa nani ana mamlaka ya kumtoa. Na ningekuwa baba yake, ningemwambia asubiri.

Kuna jaribio moja nililipenda. Chuo Kikuu cha New Hampshire kilichukua wachezaji 50, nusu yao wakafanya mazoezi mafupi ya kukaba bila helmeti wala vikinga vya mabega. Mwisho wa msimu, hao waligonga kichwa kwa takriban 28% pungufu kuliko wenzao, ingawa kwenye mechi wote walivaa. Walipovuliwa, walikumbuka kwamba kichwa ni kichwa.

Juma hili soma 1 Samweli 17:38-40, pale Daudi anapojaribu chepeo na mavazi ya vita ya Sauli kisha anayavua. Halafu soma Katekisimu namba 2092 na 2119. Njoo na jibu la swali hili kwenye kipindi: ni mahali gani unapaingia kwa sababu tu unajua kuna msamaha ukitoka? Usilitaje hadharani kama ni zito; lipeleke kwa padre.