SOMO LA ROBO HII: Nani Afungue Faili la Mtoto?



Wapendwa wanakamati na wafadhili, katika toleo hili tumeona vyema tujifunze pamoja jambo ambalo wengi hulidhani ni la mafundi wa kompyuta peke yao, kumbe linamhusu kila aliyekabidhiwa siri ya mtu mwingine. Jambo lenyewe ni ruhusa: nani aone nini katika mfumo wa watoto tunaowasomesha, na kwa sababu gani.

Tulikotoka

Zamani mafaili yalikaa kwenye kabati la parokia na ufunguo alikuwa nao katibu. Tulipohamia kwenye kompyuta, mafaili ya parokia zote yaliwekwa kwenye seva moja. Simu za wanakamati, kompyuta ya mhasibu na ukurasa wa wafadhili, vyote huomba taarifa kupitia dirisha moja la huduma, ambalo mafundi huliita API. Dirisha hilo lilikuwa likiuliza mambo mawili tu: je, umeingia kwa neno lako la siri? Na cheo chako ni kipi? Ukiwa mwanakamati, ulipita.

Siku moja mjumbe wa kamati mojawapo alikosea tarakimu moja katika namba ya faili. Likafunguka faili la mtoto wa parokia nyingine, pamoja na maelezo ya zahanati. Tunamshukuru kwa kuwa alitupigia simu siku hiyo hiyo. Hakuvunja mlango, sisi ndio tuliouacha wazi.

Kosa la namna hii limeenea. OWASP, jumuiya ya kimataifa inayoshughulikia usalama wa programu, ililiweka la kwanza katika orodha yake ya hatari kumi za API mwaka 2019, na tena mwaka 2023.

Cheo hakitoshi

Cheo husema mtu ana kazi gani katika shirika. Hakisemi anahusiana vipi na mtoto huyu. Mwanakamati wa Parokia A ni mwanakamati wa kweli, lakini kwa mtoto wa Parokia B ni mgeni. Ukisoma Yohana sura ya 10 utaona kwamba mchungaji na mtu wa kuajiriwa wanaweza kufanya kazi ile ile, ila kinachowatofautisha ni uhusiano wao na kondoo. Basi nasi tuliamua ruhusa ifuate uhusiano.

Njia iliyoitwa Zanzibar

Mwaka 2019 wahandisi wa Google, Marekani, walichapisha maelezo ya mfumo wao wa ruhusa walioupa jina la Zanzibar. Huo ndio ulioamua nani aone faili la Drive au kalenda ya mwenzake. Walieleza kuwa ulihifadhi zaidi ya kanuni trilioni 2 za ruhusa na kujibu mamilioni ya maswali kila sekunde. Sisi hatuhitaji ukubwa huo, lakini wazo lake linamfaa hata mwenye mafaili mia mbili. Uhusiano huandikwa kama sentensi fupi, na jibu hupatikana kwa kuzifuata sentensi hizo. Kwa mfano:

1. Faili namba 147 ni la Parokia A.
2. Katibu huyu ni mjumbe wa kamati ya Parokia A.
3. Kanuni: mjumbe wa kamati ya parokia yenye faili anaweza kusoma taarifa za shule.

Katibu akiomba faili 147, mfumo hufuata mnyororo huo na kujibu ndiyo. Akiomba faili 174 la Parokia B, mnyororo hukatika na jibu ni hapana. Mtoto akihamia Parokia B, tunabadili sentensi ya kwanza tu. Kamati yote ya A inapoteza ruhusa na ya B inaipata, bila kugusa jina la mtu hata mmoja.

Kwa kazi hii tulichagua OpenFGA, programu huria iliyotolewa mwaka 2022 na mafundi wa Auth0, kampuni iliyo chini ya Okta. Haina ada ya leseni. Gharama yetu ilikuwa muda wa fundi na vikao vya kamati.

Kila mmoja na sehemu yake

Hata ndani ya faili moja, si kila kitu ni cha kila mtu. Tulikubaliana hivi:

- Mfadhili anayemsomesha mtoto: barua zake na maendeleo ya darasani.
- Kamati ya parokia ya mtoto: taarifa za shule na hali ya nyumbani.
- Mhasibu: ada na stakabadhi tu.
- Afisa ustawi aliyekabidhiwa mtoto: maelezo ya afya.

Angalizo: kuficha sehemu kwenye kioo cha simu si kuzuia. Ikiwa seva imetuma maelezo ya afya, yamekwisha kufika, na mjuzi atayaona. Kwa hiyo ukaguzi hufanywa kwenye seva, kwa kila ombi, kabla ya kutuma chochote. Orodha na matokeo ya kutafuta jina hupitia ukaguzi huo huo.

Tuliyojifunza kwa shida

Kwanza, tusibadili kwa siku moja. Kwa mwezi mzima tuliacha utaratibu wa zamani uamue huku mpya ukijibu pembeni, tukilinganisha majibu. Tofauti nyingi hazikuwa makosa ya programu. Zilikuwa majina ya wajumbe waliokwisha kumaliza muda wao.

Pili, aliyeondolewa aondoke kweli. Mfumo ukijibu kwa kutumia nakala ya zamani ya ruhusa, mjumbe aliyetolewa jana aweza kusoma maelezo yaliyoandikwa leo. Wahandisi wa Zanzibar waliliita tatizo hili "adui mpya", wakaweka alama ya wakati kwenye kila toleo la waraka ili ukaguzi usitumie ruhusa za zamani kuliko waraka wenyewe. Sisi tumeacha kutunza nakala kwa maelezo ya afya, na mfumo wa ruhusa ukizimika, jibu ni hapana.

Tatu, anayeandika sentensi ndiye mwenye ufunguo. Akiandika uhusiano wa uongo, mfumo utautii. Kwa hiyo sasa katibu huandika na mwenyekiti huthibitisha, na kila badiliko huingia kwenye daftari pamoja na jina na tarehe.

Tusidanganyane: mfumo huu haumzuii mtu kupiga picha kioo cha simu, wala kumpa jirani neno lake la siri. Hapo panahitajika uaminifu. Hata hivyo, sheria nayo inatutazama. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni nani katika kamati yetu amemaliza muda lakini bado anafungua mafaili?
2. Je, kuna mtoto aliyehama parokia na faili lake halijahama?
3. Kama faili lingekuwa la mwanao, ungependa nani alisome?

Tunaomba kila kamati ijibu swali la kwanza na la pili kwa maandishi na kuyaleta majibu kwa mratibu kabla ya toleo lijalo. Nanyi wafadhili, mkiona ukurasa wenu unaonyesha machache kuliko zamani, msidhani tunawaficha. Tunamlinda mtoto mnayempenda.