Vidokezo 9 vya Kuwauliza Wafanyakazi Wako na Kuambiwa Ukweli

Kila mfanyakazi anayepewa dodoso la maoni huanza kwa kujiuliza swali ambalo halimo kwenye karatasi: nikisema kweli, kitanipata nini? Jibu analojipa ndilo linaloamua kama takwimu zako zitakuwa na maana yoyote. Vidokezo hivi ni kwa meneja, afisa utumishi au mwenye biashara anayetaka kujua ari ya kazi ikoje kwa watu wake, na hana fedha za kuajiri kampuni ya ushauri. Mfano wetu ni hoteli ya pwani yenye wafanyakazi 120. Ni ya kubuni, lakini ina idara zinazojulikana: ofisi, mapokezi, jikoni, vyumba, bustani na ulinzi. Kama una kiwanda cha chai au shule, badilisha majina ya idara tu.

1. Amua unapima nini

Kuridhika na kuwa na ari ni mambo mawili. Mtu anaweza kuridhika kwa sababu mshahara unaingia kwa wakati na hakuna anayemsumbua, huku moyo wake ulishaihama kazi zamani. Mwaka 1990 William Kahn wa Chuo Kikuu cha Boston alichapisha utafiti alioufanya kwa wafanyakazi wa kambi ya vijana na wa kampuni ya wasanifu majengo. Aliona kwamba watu hujitia kazini kwa moyo wote yakiwepo mambo matatu: waione kazi ina maana, wajisikie salama kuwa walivyo bila kuadhibiwa, na wawe na nguvu ya mwili na akili ya kuifanya. Nakushauri uyaulizie yote matatu. Mhudumu wa vyumba anaweza kuipenda kazi yake na kumwamini msimamizi wake, ila vyumba anavyopangiwa kwa zamu moja ni vingi kiasi kwamba anarudi nyumbani hoi.

Huhitaji kubuni kila kitu. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, akina Wilmar Schaufeli, walitengeneza kipimo cha maswali 17, na baadaye toleo fupi la maswali 9, kinachopima nguvu, kujitolea na kuzama katika kazi. Kipimo cha Gallup chenye maswali 12 kinajulikana sana pia, lakini ni mali ya kampuni hiyo, kwa hiyo usikinakili tu na kuweka nembo yako.

2. Linda siri mpaka mwenye shaka aridhike

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo madodoso mengi hufia.

Usidhani kwamba kuondoa jina kunatosha. Tazama sehemu ya juu ya dodoso la kawaida: idara, jinsia, umri, miaka kazini. Kila kimoja peke yake hakina ubaya. Viweke pamoja: jikoni, mwanamke, zaidi ya miaka 50, zaidi ya miaka 10 kazini. Katika hoteli yetu huyo ni mtu mmoja, na kila mtu anamfahamu. Yeye mwenyewe analijua hilo kabla yako, na kuanzia hapo atachagua "nakubali" mpaka mwisho wa karatasi. Uliza idara, na kama ni lazima sana, ongeza kitu kimoja tu.

Weka kanuni ya idadi, na uitangaze mapema: matokeo ya kundi lenye majibu chini ya matano hayataonyeshwa kwa mtu yeyote, hata mkurugenzi. Kisha angalia mwanya mmoja unaosahaulika mara nyingi. Ukitoa jumla ya hoteli nzima pamoja na matokeo ya idara zote isipokuwa moja uliyoificha, mwenye kikokotoo atatoa na kuipata hiyo iliyofichwa. Unganisha kundi dogo na jirani yake, kama tutakavyounganisha bustani na ulinzi katika kidokezo cha 6.

Ukitumia fomu ya mtandaoni, hakikisha umezima mpangilio wa kukusanya anwani za barua pepe. Ukitumia karatasi, sanduku liwe na kufuli, na ufunguo usikae kwa msimamizi. Katika hoteli za Tanzania, tawi la chama cha wafanyakazi cha CHODAWU linaweza kushika ufunguo huo. Kenya kuna KUDHEIHA. Mwakilishi wa chama akisimama mbele ya wenzake na kusema ameona utaratibu wote na ameridhika, hilo lina uzito kuliko waraka wowote wa ofisi.

Na kama si kweli kwamba majibu hayana utambulisho, usiseme hayana. Sema: majibu yako yanaweza kutambulika, watakaoyaona ni watu wawili, na yatafutwa tarehe fulani. Sheria nayo ipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Maoni ya mtu anayetambulika ni taarifa zake binafsi, na huwezi kuyatumia kwa jambo jingine kwa kuwa tu yako kwenye kompyuta yako.

3. Usiulize swali ambalo jibu lake ni "nzuri"

Sisi tumelelewa kujibu salamu. Habari za kazi? Nzuri. Habari za nyumbani? Nzuri. Mtoto yuko hospitali, lakini jibu la kwanza ni nzuri. Shida hufuata baadaye, tukishakaa. Dodoso linalouliza "Je, unafurahia kufanya kazi nasi?" linapokea salamu. Uliza jambo lililotokea, na uweke muda: "Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi ulianza zamu bila shuka au taulo za kutosha?" Hapo mhudumu wa vyumba hana haja ya kupima adabu. Anakumbuka na kuhesabu.

Swali moja libebe jambo moja. "Msimamizi wangu hunisikiliza na hugawa zamu kwa haki" ni maswali mawili. Anayesikilizwa lakini anapangiwa usiku kila Ijumaa atajibu lipi? Epuka pia sentensi za kukanusha. Mtu akikutana na "Sikosi vifaa vya kazi" kisha aambiwe achague "sikubali", atachanganyikiwa, nawe utahesabu kuchanganyikiwa kwake kama maoni.

Ngazi tano za kukubali na kutokubali ziliasisiwa na Rensis Likert mwaka 1932, na bado zinafaa. Udhaifu wake ni kwamba watu wengi huelekea kukubali chochote walichoandikiwa, hasa kikitoka kwa wakubwa. Ngazi za "kamwe, mara chache, mara nyingi, kila siku" hupunguza tatizo hilo.

4. Mfuate mtu alipo

Mtunza bustani hana barua pepe ya ofisi, na kumtaka ajaze fomu kwa bando lake mwenyewe usiku si haki. Weka simu au kompyuta kibao mbili kwenye kantini, tenga dakika 15 ndani ya saa za kazi, na waache waende kwa zamu. Kwa asiyesoma vizuri, tafuta msomaji kutoka nje ya idara yake, au rekodi maswali kwa sauti. Msimamizi asimsomee mtu maswali kamwe, hata akiwa mwema kiasi gani.

Andika kwa Kiswahili wanachozungumza kazini. Kabla ya kusambaza, kaa na watu watano wa kazi tofauti, mmoja mmoja, wasome kila swali kwa sauti na kukueleza wameelewa nini. Maneno kama "dira", "maadili ya taasisi" na "mawasiliano ya kimkakati" yataanguka hapo hapo.

5. Chagua wiki ya kawaida

Hoteli nyingi za pwani hupunguza watu au hufunga kabisa wakati wa masika, Aprili na Mei. Ukiuliza Machi, wakati kila mwenye mkataba wa msimu anangoja kujua hatima yake, utapata hofu iliyovaa nguo za furaha. Desemba nako hakuna mwenye nafasi. Oktoba inafaa.

6. Anza uchambuzi na waliokaa kimya

Tuseme majibu 74 yamerudi kati ya 120. Hiyo ni asilimia 62, na meneja anapumua. Sasa gawa kwa idara. Ofisi: 18 kati ya 18. Mapokezi: 12 kati ya 14. Jikoni: 16 kati ya 24. Vyumba: 20 kati ya 36. Bustani na ulinzi: 8 kati ya 28.

Matokeo ya "hoteli nzima" kwa kweli ni sauti ya waliokaa karibu na kiyoyozi. Askari wa getini na mtunza bustani ni karibu robo ya wafanyakazi wote, lakini katika majibu wamebaki kama mmoja kati ya kila tisa. Kabla hujafungua jibu hata moja, nenda kauliza kwa upole: walipata nafasi? Walielewa? Au dodoso la mwaka jana liliwapa sababu ya kunyamaza? Kimya chao nacho ni matokeo, kiandike kwenye ripoti.

7. Usiuamini wastani peke yake

Swali: "Zamu hugawiwa kwa haki." Vyumba wamepata wastani wa 3, na jikoni pia wamepata 3. Meneja mwenye haraka ataandika kwamba idara hizo mbili zinafanana. Fungua majibu yenyewe. Vyumba, karibu wote 20 wamechagua 3. Jikoni, saba wamechagua 5, saba wamechagua 1, na wawili wako katikati. Kule vyumba watu hawana uhakika. Jikoni kuna kambi mbili, na huenda moja ni ya wanaofanya kazi asubuhi na nyingine ya wanaofunga jiko usiku. Dawa ya idara moja haifai kwa nyingine, na wastani haukukuambia. Kwa kila swali, onyesha wangapi walichagua kila ngazi. Kuchora hilo katika programu ya kawaida ya hesabu ni kazi ya dakika chache.

Kuwa mwangalifu na asilimia za kundi dogo. Katika majibu 8 ya bustani na ulinzi, mtu mmoja akibadili mawazo ni asilimia 12.5. Usimsifu msimamizi wala kumkaripia kwa sababu ya mtu mmoja.

Kuna pia lile swali maarufu la 0 hadi 10: ungempendekezea rafiki kufanya kazi hapa? Lilitokana na kipimo cha wateja alichokitangaza Fred Reichheld mwaka 2003. Unachukua asilimia ya waliotoa 9 na 10, unatoa asilimia ya waliotoa 0 mpaka 6. Ni rahisi, na ndiyo maana wakurugenzi wanalipenda. Lakini kwa mtu aliyesoma katika shule zetu, 6 kati ya 10 ni kufaulu, na huenda alikuwa anakusifu. Kipimo kinamhesabu kuwa mpinzani. Litumie ukitaka, ila lisimame pamoja na swali la "kwa nini?"

Halafu kuna tamaa ya kujilinganisha na dunia. Ripoti ya Gallup ya mwaka 2025 ilisema wafanyakazi wenye ari duniani walikuwa asilimia 21. Takwimu hiyo ina uzito wake, lakini haikuambii kwa nini jikoni kwako kuna kambi mbili. Jilinganishe na wewe mwenyewe wa mwaka jana.

8. Soma maneno yao, yote

Kati ya 1928 na 1930, kiwanda cha Hawthorne cha Western Electric, karibu na Chicago, kiliwahoji zaidi ya wafanyakazi 20,000. Wahojaji walianza na maswali yaliyopangwa, wakaona watu wanayaacha na kuzungumzia yanayowagusa. Ikabidi wabadili njia na kuwaacha waseme. Acha nafasi moja au mbili za kuandika: "Ni jambo gani moja likirekebishwa lingekurahisishia kazi?" Yasome majibu yote, yapange kwa mada, hesabu kila mada imetajwa mara ngapi.

Ila usimpe msimamizi maneno yalivyo. Mwandiko unajulikana, na msemo wa mtu unajulikana zaidi. Mpe mada na idadi. Mfano ukihitajika, uandike upya kwa maneno yako ili harufu ya mwenyewe iondoke. Isipokuwa moja: maoni yanayodai unyanyasaji wa kingono, wizi wa mishahara au hatari ya maisha yasisubiri ripoti. Eleza tangu mwanzo, kwenye dodoso lenyewe, kwamba hayo yatapelekwa kunakohusika, na na nani.

9. Rudi kwao ndani ya wiki mbili

Bandika matokeo kwenye ubao wa kantini, yakiwemo yasiyopendeza. Chagua mambo mawili tu, si kumi, na kila moja liwe na jina la mhusika na tarehe: taulo za zamu ya asubuhi, mkuu wa dobi, 15 Novemba. Chini yake andika yale ambayo hamwezi kuyafanya sasa na sababu. Watu wazima huelewa "hapana" iliyoelezwa. Kinachowaudhi ni kuulizwa kisha kusikia kimya. Miezi sita baadaye uliza maswali matatu tu kuhusu mambo yale mawili.

Maswali ya mwaka ujao yabaki na maneno yale yale, la sivyo huwezi kulinganisha. Hifadhi nakala ya dodoso lenyewe, tarehe lilipotolewa, idadi ya waliopewa na ya waliojibu kwa kila idara. Afisa utumishi atakayekuja baada yako atavihitaji vitu hivyo vinne.